Jinsi ya kuipenda Death Stranding, gemu ya mizigo iliyowagawa wachezaji

Death Stranding ilipotoka kwenye PS4 tarehe 8 Novemba 2019, jarida la Famitsu la Japani liliipa alama 40 kati ya 40. Tovuti ya habari za gemu ya IGN ikaipa 6.8 kati ya 10. Ilikuwa gemu ileile. Unakuwa Sam Porter Bridges, mchukuzi anayevuka Marekani iliyosambaratika, mzigo mgongoni, akiunganisha mji mmoja baada ya mwingine kwenye mtandao. Mbishi atakwambia ni gemu ya kutembea tu, na kusema kweli hajakosea sana.

Mwongozo huu ni wa aliyeinunua akaishia njiani, na wa anayesita kuianza. Raha yake imo katika kupanga mzigo na njia kabla hujapiga hatua, kisha kuona mpango ule unashika au unavunjika mbele ya jabali. Anayeruka hatua ya kupanga anabaki na kutembea peke yake, na huyo lazima achoke.

Toleo na mashine

Kuna toleo la kwanza na kuna Director's Cut, iliyotoka PS5 Septemba 2021 na kwenye kompyuta Machi 2022. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua Director's Cut. Inakupa mapema fremu ya chuma ya miguuni inayokusaidia kubeba na kutembea bila kuyumba, na baadaye roboti la kukubebea mzigo, kwa hiyo ule mwanzo unaofukuza watu unakuwa mwepesi kidogo. Kwenye kompyuta tenga nafasi ya GB 80, RAM GB 8, na kadi ya picha isiyopungua GTX 1050. Tangu Januari 2024 inapatikana pia kwenye iPhone 15 Pro, ila usiicheze kwa kugusa kioo, unganisha pedi.

Cheza ukiwa na intaneti. Hili si la hiari kwa anayetaka kuipenda. Bila intaneti hutaona ngazi, madaraja na barabara zilizojengwa na wachezaji wengine, na nusu ya gemu itakuwa imekufa. Wengi wanaosema dunia yake ni tupu waliicheza nje ya mtandao bila kujua walichokosa.

Kiwango cha ugumu weka cha kawaida. Mapigano yakikukera, shusha. Unaweza kubadilisha wakati wowote kwenye mipangilio. Hapa hakuna sifa ya kuteseka, maana ugumu unapanda zaidi kwenye mapigano, na mapigano ndiyo sehemu dhaifu ya gemu hii.

Kuvuka Episode 1 na 2 bila kukata tamaa

Watu wengi huiacha hapa, na wana sababu. Episode 1, yaani sura ya kwanza, ni video ndefu za hadithi zenye matembezi mafupi katikati. Majina na maneno mageni yanamwagwa kwa pamoja: BB, BT, chiral, Odradek. Usijaribu kuyaelewa yote. Yanayokuhusu mwanzoni ni matatu tu: mvua inazeesha kila inachokigusa, mizuka haionekani vizuri lakini inasikia, na kichanga kilichomo kwenye ile chupa kifuani mwa Sam kinasaidia kuihisi mizuka hiyo. Mengine yataelezwa tena, na tena, na tena. Waandishi wa gemu hii hawana imani na kumbukumbu ya mchezaji.

Tenga vikao viwili virefu kwa ajili ya Episode 1 na 2, usizivunjevunje kwa nusu saa nusu saa. Ukicheza nusu saa kwa siku utaona video tupu wiki nzima. Lengo lako ni kufika Port Knot City na kuvuka maji kuingia Episode 3, ambako ramani inafunguka, magari yanapatikana kwa wingi na ujenzi unaanza. Usiihukumu gemu kabla ya hapo.

Katika Episode 2 kubali oda za ziada, yaani maagizo ya kupeleka mizigo nje ya hadithi, chache tu. Ukanda ule wa mashariki ni mdogo, na vifaa bado ni duni. Oda nyingi za hapa utazifanya kwa raha baadaye.

Kufunga mzigo

Hapa ndipo pa kukaa. Ukichukua oda kwenye kituo, menyu inakuonyesha mwili wa Sam na sehemu za kubebea: mgongoni, mabegani kulia na kushoto, kiunoni, kwenye suti, na mikononi. Kila kasha lina ukubwa (S, M, L, XL) na uzito wa kilo. Gemu inahesabu mambo mawili kwa wakati mmoja: jumla ya uzito, na mahali uzito ulipo.

Anayefunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli anaijua kanuni hii tayari: kizito chini, chepesi juu, pande mbili zilingane. Mnara wa makasha ukipita kichwa cha Sam, kila kona itamtupa pembeni. Bega la kulia likizidi la kushoto, ataegemea kulia njia nzima na utachoka kumrudisha.

Kitufe cha pembetatu kwenye menyu ya mzigo kinapanga kila kitu chenyewe, nacho kinafanya kazi nzuri. Kitumie kila unapoongeza kitu, kisha kagua kwa macho. Mambo mawili ya kurekebisha kwa mkono: kasha lenye maelekezo maalumu, na vifaa unavyotaka vikae karibu. Maelekezo hayo yasome kabla ya kukubali oda, si baada. Kuna mzigo usiotakiwa kuzama majini, wa kuvunjika haraka, wenye muda maalumu, na kuna piza ambayo lazima ikae bapa muda wote. Piza ukiiweka wima ubavuni, imeharibika hata kama hujaanguka.

Kosa la kila mgeni ni kubeba vifaa vingi kuliko oda yenyewe. Kwa safari ya kawaida ya mwanzo hivi vinatosha:

- ngazi mbili
- kamba mbili za kushukia majabali
- jozi moja ya buti za akiba, zining'inizwe kwenye suti ili zisile nafasi ya mgongoni
- kopo moja la dawa ya kukarabati makasha
- kifaa kimoja cha ujenzi, ukishaanza kuvipata

Ngazi tano na bunduki tatu ni kilo ambazo mteja hakuziagiza. Ukifika salama na vifaa vyote havijaguswa, safari ijayo punguza.

Buti zinachakaa hatua kwa hatua, na alama yake iko kwenye skrini. Zikiisha, Sam anatembea peku, miguu inatoka damu na afya inashuka. Ukiishiwa kabisa, kuna mmea porini unaoweza kuuvuna ukajitengenezea kandambili za dharura. Hazidumu, lakini zinakufikisha.

Kutembea

Vitufe tunavyovitaja ni vya pedi ya PlayStation.

Bonyeza R1 kabla ya kila mteremko na kila mto. Mwanga wa skana unaacha alama ardhini: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kuanguka au kusombwa. Mgeni hubonyeza mara moja kwa dakika. Mzoefu hubonyeza kila mandhari inapobadilika. Skana haigharimu chochote.

L2 na R2 ni mikono ya Sam ikishika kamba za begi, kushoto na kulia. Akiyumba, kitufe cha kubonyeza kinatokea kwenye skrini. Ukishikilia vyote viwili anapunguza mwendo na kutulia. Kwenye mteremko wenye mawe vishikilie tangu juu hadi chini. Karibu kila anguko la mwanzoni lina sababu moja: kukimbia kuteremka ukiwa na mzigo uliopita kichwa. Usikimbie kuteremka.

Mtoni, pita penye buluu hata kama ni kuzunguka. Kwenye njano nguvu zinaisha haraka, na zikiisha katikati ya mkondo, Sam anachukuliwa na makasha yanaelea kufuata maji. Ikikutokea, usimhangaikie Sam kwanza; tazama makasha yameelekea wapi, fuata ukingo uyawahi. Ngazi iliyolazwa kutoka jiwe hadi jiwe ni daraja tosha kwa mito midogo, na mchezaji mwingine ataikuta hapohapo kesho.

Nguvu zikipungua, tafuta tambarare, shikilia kitufe cha duara, Sam akae apumzike. Kunywa kwenye chupa kunarudisha nguvu pia, na chupa yenyewe hujijaza ukipita kwenye mto au kwenye mvua.

Mvua inakula makasha kwa kutu. Ramani ina utabiri wa hewa wa dakika zijazo. Uangalie kabla ya kutoka kituoni. Ikiwa kuna kiza cha mvua kwenye njia yako na oda haina haraka, lala kwanza kwenye chumba cha Sam, uoge, utoke baadaye. Kasha likishaanza kutu, lipulizie dawa mapema, kwa sababu kasha likiisha ndipo mzigo uliomo ndani unapoanza kuharibika.

Mizuka bila hofu

Msitu wa mitambo ya upepo katika Episode 2 umewarudisha wengi nyumbani. Wanajaribu kuupita kwa kasi, wanakamatwa, wanaburuzwa kwenye lami nyeusi, mzigo unatawanyika, wanazima mashine.

Fanya hivi. Mvua ikianza na kile kifaa cha begani, Odradek, kikinyanyuka, simama. Ukisimama, mizuka inaonekana kama vivuli vinavyoelea. Kifaa kinaelekea kwa mzuka ulio karibu zaidi. Kadiri kinavyopigapiga kwa kasi ndivyo ulivyo karibu. Chuchumaa, tembea kando yake, usiende moja kwa moja. Kikigeuka rangi ya machungwa na kuwa kama msalaba, shikilia R1 kuzuia pumzi, sogea polepole mpaka kitulie, kisha achia. Ukishikilia pumzi hadi mwisho, Sam atahema kwa nguvu na mizuka itamsikia.

Ukikamatwa, bado hujashindwa. Jinasue kwa kitufe unachoonyeshwa, kisha kimbilia upande mmoja tu, nje ya ile lami, bila kugeuka kuokota kitu. Mzuka mkubwa ukitokea nao unaweza kuukimbia; ukitoka kwenye eneo lake lami inakauka, unarudi kuokota mzigo wako. Ukifika Episode 3 utakuwa na guruneti za damu, zinazotengenezwa kwa damu ya Sam mwenyewe, na hofu hii inaisha yenyewe. Kabla ya hapo utakuwa na guruneti za maji ya kuoga, za mkojo na za kinyesi. Ndiyo, kila mara Sam anapotumia choo kuna kinachovunwa. Hazitishi sana, ila zinafukuza.

Kwa majambazi wa mizigo, wanaoitwa MULE, usiue. Maiti isipopelekwa kwenye tanuru inageuka mzuka na kulipua eneo zima, na utabaki na shimo kwenye ramani. Tumia ile bunduki ya kufunga watu kwa kamba, unayoipata kwa mteja aitwaye Craftsman. Halafu safisha kambi yao: madini na seramiki walizorundika pale ndizo utakazozihitaji sasa hivi.

Barabara: mahali watu wanapobadilika

Kusini mwa Lake Knot City, katika Episode 3, utakuta mashine za kujengea barabara zimesimama nyikani. Kila mashine inadai fuwele za chiral, seramiki na vyuma, kwa mamia na mara nyingi maelfu, ili itandike kipande kimoja cha lami. Wanaoichukia gemu hii wakifika hapa wanaona deni. Wanaoipenda walianza kuipenda hapa.

Usijaribu kuchangia kwa mgongo. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Endelea na oda za hadithi mpaka upate lori.
2. Pita na lori kwenye vituo, na kwenye menyu chukua vifaa ghafi walivyokusanya. Kadiri kituo kinavyokupa nyota nyingi ndivyo kinavyokuwa na hazina kubwa, kwa hiyo anza na wateja unaowahudumia mara kwa mara.
3. Fuwele ziokote kwenye maeneo ya mizuka. Zinachomoza ardhini kama viganja vya dhahabu. Ukimshinda mzuka mkubwa, zinabaki nyingi sana.
4. Jenga vipande vinavyofuatana, si vya hapa na pale. Kipande kimoja peke yake nyikani hakina faida.

Kwenye lami gari halili betri, halirushwi na mawe, na safari iliyokuwa ya kutweta inakuwa ya dakika chache. Mtandao ukiwa umewashwa, wachezaji wengine nao wanachangia, kwa hiyo kabla ya kumaliza akiba yako yote kwenye mashine moja, nenda kamilishe oda mbili kisha rudi. Huenda ukakuta imebaki kidogo. Mvua inazeesha barabara pia, ila taratibu, na ukarabati ni wa vifaa vilevile.

Majengo ya wengine yanaonekana tu katika eneo ulilokwisha kuliunganisha na mtandao. Ndiyo maana safari ya kwanza kwenda mji mpya huwa kavu na ya upweke, na ya pili unakuta ngazi kwenye kila korongo. Usijengejenge sana katika safari ya kwanza. Fika, unganisha, geuka uone kilichopo, kisha jaza mapengo. Ukikuta daraja limekuokoa, lipe laiki. Ukiona jina lilelile limejenga vizuri mara kadhaa, funga mkataba na mchezaji huyo kwenye menyu; majengo yake yataongezeka katika dunia yako.

Milimani

Theluji inameza nguvu, lori linakwama, na hapa ndipo wimbi la pili la watu hukata tamaa. Dawa yake ni nyaya za kutelezea. Mlingoti mmoja unafika mita 300, ukiuboresha unafika 350, na lazima uuone mwenzake bila jabali katikati. Unapoushika kabla ya kuusimika, skrini inakuonyesha mstari na umbali hadi mlingoti mwingine. Sogea hatua chache mpaka mstari ukubali. Weka milingoti vileleni, si mabondeni. Uwezo wa mtandao katika kila eneo una kikomo, kwa hiyo bomoa ngazi na vibanda vyako vya zamani usivyovitumia ili upate nafasi.

Ukiwa katikati ya wabishi

Usiitetee kwa uongo. Mazungumzo yanajirudia, majina kama Die-Hardman yanachekesha pasipostahili, mapigano na mizuka wakubwa ni ya kurusha tu mpaka wafe, na saa za mwisho karibu zote ni video. Ukikubali hayo mapema, ubishi unapungua makali na unaweza kuzungumzia kile unachokipenda.

Kumwonyesha rafiki, usimwanzishe Episode 1 kwenye sebule yenye watu. Mpe pedi ukiwa Episode 3, chagua oda ya kilo za wastani inayovuka mto mmoja na kilima kimoja, gari liache kituoni. Mwache afunge mzigo mwenyewe, na akiukosea usimsahihishe. Akianguka mtoni akacheka na kutaka kurudia kwa njia nyingine, huyo ni wenu. Akiuliza lini wataanza kupigana, mrudishie FIFA yake, wala msigombane.

Kwako mwenyewe weka mpaka: fika Episode 3, jenga vipande vitatu vya barabara vinavyofuatana, fikisha oda moja ngumu kwa miguu. Ikiwa baada ya hapo kufungua menyu ya mzigo bado ni adhabu, acha, na kama ni diski, iuze ingali na bei. Ukiwa umependa dunia na hadithi lakini umechoshwa na kutembea, tazama muhtasari wa hadithi kisha jaribu Death Stranding 2, iliyotoka PS5 Juni 2025 na inayokupeleka Meksiko na Australia. Ile inakupa gari na silaha mapema zaidi.

Aliyefika Episode 8 na bado ana oda anazotaka kuzimaliza asiwe na wasiwasi: hadithi itamfungia ramani kwa muda mrefu kuelekea mwisho, lakini Episode 15 inamrudishia dunia yote, barabara zake zikiwa palepale, bila video za kumkatiza.